MWENE: ASILI YA JINA LA CHEO



Wengi wetu tulisoma habari za Farao wa Misri kabla ya kusoma habari za mwene wa Ufipa. Si vibaya, maana Farao atatusaidia kumwelewa mwene. Katika Kimisri cha kale neno hilo lilikuwa na maana ya "nyumba kubwa", yaani jumba la kifalme. Yapata karne ya 15 K.K. ndipo lilipoanza kutumika kumtaja mfalme mwenyewe. Jina la nyumba likawa jina la mtu. Wala heshima ya jina haidumu: katika Kiswahili, "firauni" leo ni tusi.

"Mwene" nalo lina ndugu wengi. Ni lile lile "mwenye" la Kiswahili. Unguja palikuwa na Mwinyi Mkuu, aliyekuwa na jumba lake Dunga. Kusini ya Zambezi alikuwako Mwene Mutapa, na magharibi Mwene Kongo, ambaye Wareno walimwandika Manikongo. Maana yake ni mwenye nchi.

Lakini Ufipa ina fundisho lake. Wazee husimulia kwamba mtawala wa kwanza alikaa Milansi, karibu na mlima Itwelele. Siku moja, akiwa mawindoni, walifika wanawake watatu wageni, wakakalia kiti chake. Aliporudi hakupigana. Utawala ukawa wa wageni hao, chimbuko la ukoo wa Watwachi, ambao baadaye uligawanyika katika nchi mbili, Nkansi na Lyangalile. Yeye alibaki na Milansi yake na heshima ya kutangulia. Hivyo yuko anayetawala, na yuko anayemkumbusha kwamba kiti alikikuta.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu. Viti havikwisha. Mimi ni mtumishi wa serikali. Siku moja mzee kutoka kijijini aliingia ofisini kwangu, akaniita "mwene". Nilifurahi mno hata nikasahau kumkaribisha kukaa. Alieleza shida yake amesimama. Alipokwisha kuondoka ndipo nilipoona haya.

Vijana, likizo ijayo waulizeni babu na bibi zenu habari za majina haya, mkaziandike daftarini, kwa maana wanaozijua wanapungua. Nasi tuliokalia viti tuikumbuke Milansi.