Shefu akitawala kazini kwa woga: sheria inasema nini, na wafanyakazi wa Bukavu walifanya nini

Mu Bukavu kazi ni ngumu kupata, na mabaya mengi ya ku biro, ku depo na ku duka yanaanzia hapo. Shefu anajua ya kwamba inje kuna watu wengi wanangojea nafasi ile ile. Mfanyakazi naye anajua. Basi akitukanwa mbele ya wateja, ananyamaza. Mshahara ukichelewa miezi mbili, ananyamaza. Stajie aliyeambiwa «miezi tatu tu» anamaliza mwaka wa pili bila kontra, anatumwa hata kununua inite za simu ya bibi ya shefu, na ananyamaza juu anafikiri siku moja jina lake litatoka ku liste.

Watu wanazoeaka kusema «ni tabia ya patro», sawa vile ni mvua ya mwezi wa kumi na moja. Lakini sheria ya Kongo inaita mambo hayo kwa jina lingine. Kode ya Kazi, ndiyo sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema mu artikle 73 ya kwamba patro anafanya kosa zito akimnyanyasa mfanyakazi kingono ao kwa kumvunja moyo, akimtisha, akimpiga ao kumtukana vikali. Tena inaongeza: ao akivumilia wafanyakazi wengine wamfanyie hivyo. Hayo maneno ya mwisho mashefu wengi hawayasomi. Hata yule asiyetukana mtu, kama anaona kiongozi wa ekipi anawanyanyasa wenzake na anafunga macho, kosa ni lake pia.

Kosa zito linampa mfanyakazi haki ya kuvunja kontra palepale, bila preavi. Lakini anapaswa kuijulisha kwa barua ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua jambo lenyewe. Anayeondoka kwa hasira bila kuandika kitu, patro anaweza kusema alitoroka kazi.

Kuomba mwili juu ya kazi ni jambo la parke. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inampa anayetumia cheo chake kumlazimisha mtu hivyo kifungo cha mwaka 1 hadi 12 na faini, ao moja tu ya adhabu hizo. Shida ni moja: mashtaka hayaendi bila mwenyewe aliyetendewa kupeleka malalamiko. Na mama ambaye mshahara wake ndio unalisha nyumba nzima, tunamuomba ushujaa ambao sisi wengine hatuna.

Tuliona hayo kule Beni na Butembo wakati wa riposte ya Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020. Ugonjwa uliua watu 2 287. Pesa ziliingia, kazi zikafunguka haraka haraka, na wanawake wakaombwa mwili ili waandikwe ao ili wasifukuzwe. Mwezi wa tisa mwaka 2020 waandishi wa habari walitangaza ushuhuda wa wanawake zaidi ya 50. OMS ikaunda komisyo, ikiongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na mama Julienne Lusenge, Mkongomani mwenzetu. Ripoti yao ya Septemba 2021 ilihesabu washukiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa OMS yenyewe. Komisyo ilionyesha pia ya kwamba malalamiko yaliyoletwa kwa mdomo yalikuwa yanawekwa kando, eti hayakuandikwa. Mimi naona hapo ndipo wakubwa walianguka zaidi. Mfanyakazi aandike akiweza, ndiyo, lakini kiongozi anayeambiwa jambo kama hilo hana haki ya kungojea karatasi ndipo asikie.

Hapa Bukavu kwenyewe kuna historia ambayo vijana wengi hawaijui. Kati ya mwaka 1999 na 2003, mji ukiwa chini ya RCD-Goma, Bralima, kampani ya bia iliyokuwa ya Heineken ya Uholanzi, iliachisha wafanyakazi. Watu 168 kati yao walisema waliachishwa bila haki, na ya kwamba kampani ilishirikiana na waasi mu jambo hilo. Miaka ilipita. Mwezi wa 12 mwaka 2015, wajumbe wao walipeleka malalamiko mpaka Uholanzi, ku biro moja ya serkali inayopokea mashtaka juu ya makampani yasiyofuata kanuni za OCDE. Biro hiyo si tribinali. Haifungi mtu, inakalisha pande mbili ku meza moja. Wakazungumza, na Agosti 2017 wakapatana. Kiasi cha pesa hakikutangazwa. Heineken iliahidi pia kuandika kanuni za namna ya kufanya kazi mu nchi zenye vita.

Sitaki kuita hiyo ushindi mkubwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao baba yake aliachishwa, 1999, alikuwa na miaka 18 siku ya mapatano. Lakini tuangalie namna walivyofanya: watu 168 walibaki mu dosie moja. Mmoja angeenda peke yake, angerudishwa ku mlango.

Kwa shefu anayetaka kweli kubadilisha hali, haiombi semina ya hoteli. Mshahara utoke tarehe inayojulikana: Kode inaruhusu siku 6 tu baada ya mwezi kuisha. Juma lisipite masaa 45. Stajie apewe karatasi yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Na malalamiko yapokelewe na mtu asiye shemeji wa mkubwa, juu mu mashirika yetu madogo familia ndiyo inaketi ku komite.

Kama ndani hakuna anayesikia, kuna delege wa sindika, halafu Inspeksio ya Kazi. Usikimbilie tribinali: kesi ya mfanyakazi mmoja haipokelewi kama haijapita kwanza kwa inspekta ili ajaribu kupatanisha. Anaita pande mbili, na mwishoni anaandika PV ya kupatana ao ya kutopatana. Ufike na kontra kama iko, karatasi za mshahara, mesaji za simu, kopi ya barua yenye tarehe na sahihi ya aliyeipokea, na majina ya wenzako waliokubali kusema.

Muda nao unahesabiwa. Madai mengi ya kontra yanazimika baada ya miaka 3, lakini ya mshahara ni mwaka 1 tu. Anayedai mshahara wa mwezi wa tatu, mwezi wa tatu wa mwaka unaofuata ukipita bila yeye kushtaki, tribinali inaweza kukataa deni hilo hata kama patro mwenyewe anajua hakulipa.