Miswada yetu ya kale: kazi ya nani, jina la nani?

Kijana akitoka chuo kikuu na digrii ya Kiswahili au historia, swali linalomngoja nyumbani ni moja: utaajiriwa wapi? Hapa mtaani kwetu mjomba mmoja alimwambia mpwawe wa kike, mbele ya watu, kwamba miaka minne amesomea hadithi. Binti alinyamaza. Mimi mwenye stashahada yangu nilinyamaza pia, lakini jibu ninalo, na leo nitaliandika.

Kazi ya kukusanya, kusoma, kufasiri na kuhifadhi maandishi ya Waswahili ipo, na ni kongwe. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, hayakuachwa katika kitabu. Yalikuwa vifuani mwa watu wa Mombasa. Aliyeyakusanya na kuyaeleza maana zake ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, akishirikiana na mmishenari Mwingereza, William Taylor. Mwalimu Sikujua alifariki 1890. Karatasi za Taylor zikaishia London, katika chuo cha SOAS, na mwaka 1940 diwani ya Muyaka ikachapishwa Afrika Kusini. Mhariri aliyetajwa ni William Hichens. Simlaumu Hichens, maana bila yeye tungechelewa zaidi kuipata. Lakini muulize mwanafunzi yeyote wa sekondari hapa Mombasa Mwalimu Sikujua ni nani.

Karne iliyofuata mambo yalibadilika kidogo. Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa, alihamia London akafundisha SOAS. Mwaka 1997 yeye na P.J.L. Frankl walichapisha makala kuhusu namna Kiswahili kilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu na jinsi ya kuziboresha. Miswada ya SOAS ilipoorodheshwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ili watu waitafute kwa kompyuta, yeye alikuwa miongoni mwa walioifanya kazi hiyo. Alifariki 2008.

Huku nyumbani tulikuwa na Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu, aliyefariki 2017. Ushairi alilelewa nao na nyanya yake. Alifanya kazi na makumbusho yetu na maprofesa wa ng'ambo walimjia. Utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, unaohusu uundaji wa jahazi, ulichapishwa Leiden 1979. Hata neno runinga tunalolitumia kila siku ni lake, alilounda kwa rununu na maninga, yaani macho.

Sasa, kwa nini kompyuta haiwezi kuifanya kazi hii peke yake? Chukua herufi ya ba. Katika miswada mingi ya zamani herufi hiyo moja ilibeba b, p na mb. Irabu ya chini ilikuwa i na pia e, ya juu ikawa u na pia o. Kwa hiyo neno likiandikwa, wewe ndiwe utakayeamua kama ni paka au baka, ni pita au peta. Ataamua vipi mtu asiyejua Kiamu, asiyejua mizani, asiyejua kwamba ubeti uliotangulia ulikuwa ukizungumzia safari? Aliyesoma chuoni kwa mwalimu wake, akaongeza shule, yuko mbele ya wengi katika fani hii kabla hajaajiriwa. Wengi wa vijana wetu hawajui kwamba hilo ni soko.

Mfano wa karibu ni Msikiti wa Riyadha, Lamu. Miswada yake ilipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, kazi ikiongozwa na Anne Bang, mtafiti wa historia ya Uislamu katika Bahari ya Hindi. Masharti ya mpango huo ni kwamba maandishi asilia hayatoki nchini. Zinazosafiri ni picha. Katika kazi kama hiyo kuna anayepiga picha, anayeandika maelezo ya kila mswada (umeandikwa na nani, wapi, lini, kwa karatasi gani), anayenakili kwa herufi za Kirumi, anayefasiri, na anayetunza kanzidata. Hizo ni kazi tano, si moja, na mbili za mwanzo mtu hufundishwa papo hapo.

Ubaya wake ni kwamba nyingi ni za mkataba. Fedha za mradi zikiisha, mpiga picha anarudi kwao, na msimamizi mwenye shahada ya uzamivu anaendelea na cheo chake chuoni. Kwa hiyo binti yetu namshauri asisubiri mradi. Aanzie Fort Jesus au makumbusho ya Lamu kama mwanagenzi, ajifunze kuandika maelezo ya nyaraka, aendelee na shahada ya pili Pwani University akiweza. Na kabla hajasaini chochote aulize jina lake litaandikwa wapi.

Wenye miswada majumbani nao nina neno. Usiipeleke kwa fundi kutiwa plastiki, wala usiibandike kwa gundi ya mkanda. Iweke pakavu, mbali na mchwa na jua, na mpigie picha kila ukurasa kwa simu, hata ulio mtupu. Pambizoni mara nyingi ndipo alipoandika mwenye kitabu siku aliyozaliwa mwanawe.

Binti yule ameshaanza na kasha la nyanya yake. Mjomba ndiye anayemshikia taa.