Safu ya Lugha: Gari la kale si gari chakavu

Juzi, stendi ya Mlimba, nilimsikia kijana akiiita Land Rover 109 ya mzee mmoja "gari chakavu". Gari lilikuwa limetoka Ifakara kupitia Mngeta na Chita, limejaa tope la masika, na injini bado inanguruma vizuri. Neno lile halikulistahili. Chakavu limetokana na kitenzi chakaa, yaani kuisha kwa kutumika; hatima ya gari chakavu ni skrepa. Kuukuu ni la zamani, limetumika sana, ila bado linafaa. Mkweche ni gari bovu, la kusukumwa kila asubuhi. Mtumba, ambao asili yake ni robota la nguo, haugusi umri: unasema tu kwamba mwingine alitangulia kulitumia.

Gari la kale ni jina la heshima. Ni gari la zama zilizopita ambalo mwenyewe analitunza libaki kama lilivyoundwa. Mengi ya namna hiyo yalionekana Arusha kwenye tamasha la Land Rover, Oktoba 2024. Kinachotenganisha maneno haya ni matunzo. Bodi ya Land Rover hizo ni ya alumini, haishiki kutu, lakini chasisi ni ya chuma na hushika kutu tope likiganda juu yake. Mzee yule, kabla hata ya kunywa chai, aliinama kuosha tope la uvunguni. Anayelitunza hivyo ana gari la kale. Anayeliacha tope likauke, mwaka hadi mwaka, ndiye atakayelifanya gari liwe chakavu.