Umetoa platini ukafunga CDI: taimingi bado inahitaji kupimwa

Swali hili limetoka Butiama. Mwenzetu ana pikipiki ya zamani ya marehemu baba yake, ya platini. Fundi amemfungia CDI na sasa inawaka kwa kiki moja. Lakini akipakia magunia mawili kupandisha kutoka Makutano, injini inagonga kama kopo, na wiki iliyopita kiki ilimrudi ikamtegua mguu. Fundi kamjibu kwamba CDI haina taimingi.

Fundi ana nusu ya ukweli. Platini ni vidomo viwili vya chuma. Vikiachana, koili inatoa moto kwenye plagi. Vinalika, kwa hiyo taimingi inasogea yenyewe. Kwenye CDI hakuna cha kulika: sumaku ikipita mbele ya pikapu, kisanduku kinapata ishara na kutoa moto. Pikipiki iliyotoka kiwandani hivyo kwa kawaida huna cha kurekebisha. Ya kubadilisha ni habari nyingine. Honda CG125 za mwanzo, za miaka ya 1970, zilikuwa za platini, na injini nyingi za bodaboda za Kichina zimeiga ile, hivyo watu huchukua vipuri vya huku na kufunga kule. Sumaku ya hii, sahani ya koili ya ile.

Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja ni sehemu ya mia ya sekunde. Moto unatakiwa utoke kidogo kabla pistoni haijafika juu. Ukiwahi mno, kiki inarudi, injini inagonga ikibeba mzigo, na pistoni inaweza kutoboka. Ukichelewa, pikipiki haina nguvu, inakula mafuta na ekzosi inachemka mno.

Anza na alama. Zima swichi, toa plagi, ingiza mrija laini wa soda, kisha zungusha sumaku taratibu hadi pistoni ifike juu kabisa. Alama T iwe mkabala na alama ya bodi. Isipokuwa hivyo, toa sumaku kwa kivutio chake (nyundo weka mbali) uangalie kii ya nusu mwezi kama imekatika. Kii ikiwa nzima, basi vipuri havikuzaliwa pamoja: piga alama mpya kwenye bodi mkabala na T.

Wazee wa gereji walipima platini kwa kibalbu, injini imezimwa. Kwa CDI hilo halisaidii, kwa sababu pikapu haitoi ishara mpaka sumaku izunguke kwa kasi. Inahitajika taa ya taimingi, ile inayobanwa kwenye waya wa plagi na kumulika kila moto unapotoka. Ulizia gereji za magari Musoma au Bunda mjini. Pimia kivulini, injini ikiwa silensa: F ionekane imesimama mkabala na alama ya bodi. Ikiwa F haijafika, moto unawahi. Ikiwa imeshapita, unachelewa.

Kusogeza sahani kinyume cha mzunguko wa sumaku kunawahisha moto. Kuifuatisha mzunguko kunauchelewesha. Sogeza unene wa kucha tu, kaza, pima tena. Kama matundu ya skrubu ni ya duara, usiyachonge kwa kukisia, tafuta sahani inayoendana na sumaku.

Kisha ongeza mafuta. Vingi vya visanduku hivi huwahisha moto kadiri kasi inavyopanda, kwa hiyo F itaonekana ikirudi nyuma. Kama injini bado ina vile vyuma vya springi vilivyokuwa vikiwahisha moto wa platini, mambo mawili yanafanya kazi moja, na hapo kugonga hakuishi mpaka vyuma vifungwe visicheze. Na kisanduku cha umeme wa betri hakichukui nafasi ya kile cha umeme wa koili, hata kama soketi inaingia.

Kwa yule wa Butiama, T ilikuwa sawa. F ndiyo haikuwa imefika. Sahani ilisogezwa upana wa punje ya mchele, na juzi alipanda na magunia yake bila kugonga. Mguu bado anauchua.