Msitu wa Derema na Mashamba ya Iliki

Mwalimu na aandike ubaoni maneno matatu: msitu, mpaka, fidia. Yasomeni pamoja, polepole.

Leo tutazungumza habari za Milima ya Usambara Mashariki, Wilaya ya Muheza. Huko watu na Serikali wamevutana kwa miaka mingi juu ya ardhi: ibaki msitu, au watu wapate mahali pa kulima na kujenga. Wengi husema huu ni ugomvi wa miti na watu. Mimi naona si hivyo. Tuanze na jinsi ardhi yenyewe ilivyogawanywa.

Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Serikali yao. Lakini mkulima wa zamani hakulima shamba moja siku zote. Alilima, akaliacha lipumzike, majani yakaota. Mgeni akipita huona pori tu. Mwaka 1896 reli kutoka Tanga ilifika Muheza, na mashamba makubwa yakaenea. Bondeni kwa Wabondei ulipandwa mkonge. Juu milimani, Derema, walijaribu kahawa, haikustawi. Mwaka 1902 wakafungua Amani chuo cha kuchunguza mimea. Wakaja Waingereza, na milimani ikapandwa chai. Misitu mingi ikawekewa mipaka, ikawa hifadhi.

Sasa hesabuni wenyewe. Chini kuna mkonge, juu kuna chai, na kando ya chai kuna msitu wa Serikali. Vijiji vikabaki katikati. Watoto wanazaliwa, na kijana akioa anataka kiwanja, nguzo na fito za nyumba, na shamba la kumlisha mkewe. Atakwenda wapi?

Wengi walikwenda msituni kupanda iliki. Zao hili halitaki jua kali. Mkulima hufyeka vichaka vya chini tu, miti mikubwa huiacha itoe kivuli. Ukitazama kwa mbali utadhani msitu ni mzima, kumbe ndani ni shamba. Iliki huchukulika kichwani kwa urahisi na bei yake ni nzuri; kwa mtu akaaye mbali na barabara, hakuna zao bora kuliko hilo. Lakini miche michanga ya miti hufyekwa kila mara, kwa hiyo miti mizee ikianguka hakuna ya kushika nafasi yake. Baada ya miaka kadhaa iliki hupunguza mazao. Hapo mkulima huiangusha miti iliyobaki, akapanda mahindi na mihogo.

Tusiwasingizie wakulima peke yao. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, kiwanda cha mbao cha shirika la umma kilikata magogo kwa mashine katika misitu hii, na nchi ya Finland ilisaidia. Kazi hiyo ilisimamishwa katikati ya miaka ya 1980, baada ya wataalamu kuona hasara yake. Mwanakijiji aliyeyaona magogo yakishushwa kwa malori, kisha akaambiwa yeye asikate fito, hakulielewa jambo hilo upesi. Wala mimi simlaumu.

Hata hivyo Serikali ilikuwa na sababu. Mto Zigi hupata maji yake milimani humo, nao hujaza bwawa la Mabayani, linalowapa maji watu wa mji wa Tanga. Tena mna mimea, vyura na ndege wasioonekana penginepo duniani. Mwaka 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, hekta 8,380, ya kwanza ya namna hiyo Tanzania. Msitu wa Derema ulikuwa nje ya mpaka, nao ulikuwa kama daraja kati ya Amani na misitu ya kaskazini. Daraja likikatika, wanyama na mbegu hawavuki. Basi ikaamuliwa Derema nayo ihifadhiwe, karibu hekta 960. Ndani yake walikuwamo wakulima 1,128 wenye mazao yao, iliki hasa.

Rudini sasa kwenye neno la tatu ubaoni. Fidia ni malipo anayopewa mtu kwa mali aliyoipoteza. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zasema fidia iwe kamili, ya haki, tena itolewe upesi. Derema mimea ilihesabiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sehemu ya fedha ilitolewa mwaka 2005, na malipo ya mwisho yakafika mwaka 2008, Serikali ikisaidiwa na wafadhili wa nje, Benki ya Dunia ikiwamo. Miaka yote hiyo mkulima alikwisha kukatazwa kuliendeleza shamba lake. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mimea ilipohesabiwa alikuwa karibu kumaliza shule ya msingi. Hapo siwezi kusema upesi ulikuwapo.

Tena kilichohesabiwa ni mazao. Mche wa iliki ulikuwa na bei. Ardhi yenyewe, ambayo baba angemwachia mwanawe ajenge na kulima, haikuandikiwa bei. Ili kuliziba pengo hilo, wakulima waliahidiwa ardhi huko Kibaranga, shamba la zamani la mkonge, bondeni. Yaani sehemu ya ile ardhi ya bonde iliyokuwa chini ya mkonge tangu zamani ndiyo iliyotafutwa ipunguze shida ya milimani. Lakini Kibaranga kuna joto, na iliki hutaka baridi, mvua na kivuli. Aliyekubali kushuka alilazimika kuanza ukulima mwingine kabisa, mbali na nyumba aliyojenga na makaburi ya wazee wake.