Mumiani

Neno mumiani, ambalo watoto wa pwani walitishwa nalo wasitembee baada ya magharibi, asili yake haina damu hata tone: latoka kwa Waajemi, katika mum, yaani nta, nalo lilikuwa jina la lami nyeusi itokayo majabalini, ambayo matabibu waliiyeyusha katika samli wakawanywesha au kuwapaka waliovunjika mifupa. Maiti za kale za Misri, kwa kuwa nyeusi mithili ya lami hiyo, nazo zikapewa jina hilohilo.

Dawa nyeusi, iliyoganda, isiyojulikana itokako: si ajabu watu wakadhani ni damu ya binadamu waliochinjwa, hata kamusi ya Kiswahili ya Johnson ya mwaka 1939 ikaziandika zote mbili, dawa na dhana. Kisha jina likahama, likatoka kwenye dawa likawashukia wachinjaji wenyewe, jamaa wa siri wasioonekana mchana. Na huko Nairobi, zama za ukoloni, shaka hiyohiyo ikawaangukia wazimamoto, maskini, ambao wekundu wa gari lao ulitosha kuwa ushahidi.