Jukwaa Lililoachwa Shinbashi

Chini ya mtaa wa Shinbashi jijini Tokyo kuna jukwaa la treni ambalo abiria hawashuki tena. Lilitumika kwa miezi minane tu, mwaka 1939. Kwangu mimi, jukwaa hilo linafundisha siasa ya usafiri wa umma kuliko hotuba nyingi za wakuu wa miji.

Mwasisi wa treni ya chini ya ardhi nchini Japani ni Hayakawa Noritsugu, aliyevutiwa na reli ya namna hiyo alipokuwa London. Inasimuliwa kwamba aliporudi Tokyo alisimama njia panda akihesabu wapita njia kwa kuhamisha maharage mfukoni, ili awashawishi wenye mitaji. Tarehe 30 Desemba 1927 kampuni yake ilifungua njia ya kilomita 2.2 kati ya Asakusa na Ueno, ya kwanza barani Asia. Mwaka 1934 ilifika Shinbashi.

Kutoka upande wa pili, Shibuya, alikuja Goto Keita, tajiri wa reli ambaye mahasimu wake walilichezea jina lake hata likasikika kama neno la Kijapani la “mnyang’anyi”. Reli yake ilifika Shinbashi Januari 1939. Akili ya kawaida ingesema mahandaki yaunganishwe, lakini Hayakawa alitaka njia yake ielekee Shinagawa. Mafahali wawili hawakai zizi moja: Goto akajenga jukwaa lake, na abiria wakawa wanashuka na kubadili treni kwa sababu ya ugomvi usiowahusu. Treni zilianza kupita moja kwa moja Septemba mwaka huo, Goto akiwa anazinunua hisa za mpinzani wake. Hayakawa aliondoka uongozini, akafariki mwaka 1942.

Wapo watakaosema kwamba soko lilijirekebisha lenyewe. Sikubaliani nao. Ushindani ulichimba mahandaki, na sifa hiyo tusiunyime. Ila kuyaunganisha kulitokana na mwenye nguvu kummeza mwenzake. Mwaka 1941 dola iliziweka reli hizo chini ya shirika moja, lakini dola yenyewe ilikuwa ikijipanga kwa vita. Goto mwenyewe alikuja kuwa waziri wa uchukuzi mwaka 1944, katika serikali ya Tojo. Hivyo jambo jema lilipatikana kwa njia mbili mbaya, na mwananchi hakuulizwa katika njia yoyote kati ya hizo.

Leo njia ile inaitwa Ginza. Mwaka 1963 Shinbashi ilipata njia nyingine ya chini ya ardhi, ya Asakusa, inayomilikiwa na serikali ya jiji, ilhali ile ya Ginza iko chini ya kampuni ya Tokyo Metro tangu 2004. Abiria anayebadili kati ya njia hizo mbili hupita milango ya waendeshaji wawili na kulipa nauli mbili, ingawa hupunguziwa kidogo. Mpaka ule wa 1939 ulihama tu, haukufutika.

Kwa hiyo, tunaposifu urefu wa mahandaki na kasi ya treni, tuulize pia: pale njia mbili zinapokutana, nani amepewa dhamana ya kumtetea anayebadili treni? Asipokuwapo, gharama ya utengano italipwa na msafiri, kila asubuhi, kwa nauli yake na kwa miguu yake.